Mzee Anatafuna Ganda

…si mfupa, mfupa haulii namna ile, na kuku mwenyewe hajachinjwa, yuko uani amefungwa kamba mguuni anaparua majivu, kwa hiyo mlio ule unaotoka sebuleni, krach, kisha kimya, kisha krach nyingine ya taratibu zaidi, hauwezi kuwa kitu kingine ila ganda la kaa, na Sekela, aliyechuchumaa nyuma ya pazia la jikoni, khanga imemfunika kichwa mpaka kwenye nyusi, akasimamisha mkono juu ya sufuria akasikiliza, akajiambia labda anavunja kwa meno halafu anatema, wako watu wanaovunja kwa meno, hata baba yake kule Tanga alikuwa akivunja kwa meno siku alizokuwa na haraka ya kurudi mkongeni, atavunja, atanyonya nyama, ganda ataliweka pembeni, basi, akangoja kusikia ganda likigonga sinia, sinia lile la bati hata punje ya wali ikidondoka unaisikia, akangoja… krach, kisha kutafuna, kutafuna kwa muda mrefu sana, kisha koo likimeza kwa shida, na sinia halikulia.

Anameza, Mungu wangu, mzee, baba wa mume wake, anatafuna ganda na analimeza, na kitu cha kwanza kilichomjia Sekela, hili hatamwambia mtu mpaka anaingia kaburini, kilikuwa kicheko, kicheko cha tumboni, akakibana na kitambaa cha kushikia sufuria, kitambaa kinanuka tui na bizari, mabega yakamtikisika, akawaza, leo umelipata, leo umekutana na kitu usichokijua, halafu krach ya tatu ikaja, na hiyo ilikuwa na kitu kidogo nyuma yake, pumzi iliyovutwa ghafla, kama mtu aliyechomwa na mwiba na hataki watu wajue, na kicheko kikamwishia mdomoni palepale kikaacha ladha mbaya, kwa sababu aliujua mwiba ule, ni ile ncha ya kiungo cha mguu wa kaa, ukiuma vibaya inaingia kwenye fizi, na mzee yule upande wa kushoto hana meno, ni fizi tupu, na Sekela anajua hana meno, hawezi kusema hakujua, mama mkwe alimwambia mwenyewe mwaka ule wa Malkia kuvikwa taji, mwaka alioolewa, wamekaa wanamenya ndizi, akamwambia, mwanangu, ukimpikia mzee pika kitu laini, meno ya huku yote yameisha, yeye hatasema, utapika vyovyote atakula, lakini wewe ujue… utapika vyovyote atakula. Na leo amepikiwa vyovyote.

Na nani amwambie sasa, nyumba nzima hamna mtu, Asukile ameliingiza sinia mwenyewe, kwa mikono miwili, mume wake huyo akiwa mbele ya baba yake anakuwa mtoto wa miaka saba, ukarani wote wa ofisini unamtoka, akasema, tata, anza tu, usitungojee, mimi nafika hapo Mwanjelwa kumwamsha Jailos maana ndiye ameleta hii kitu, ikipoa inakosa utamu, na mzee akaitika, ee, nenda, basi, akaenda, mlango wa mbele akauacha wazi kama inavyotakiwa, majirani wanaotoka kanisani wapite waone mzee amekaa peke yake na mkwe wake hayumo, kwa sababu mkwe haruhusiwi kuwamo, mkwe hukaa nyuma ya kitu, nyuma ya pazia, nyuma ya ukuta, nyuma ya migomba, mke wa mwana na baba wa mume hawaonani uso, hawasemezani, jina lake hulitaji, akipita unatoka njiani unainama unajifunika, na ingawa mchungaji alishasema kwa Wakristo hayo yalegezwe, waliolegeza ni wachache, na mzee huyu si mmoja wao, jana usiku hata kulala hapa hakulala, alilala kwa mzee mwenzake wa kanisa, leo amekuja kula tu, mara ya kwanza kula katika nyumba ya mwanawe wa mjini. Miaka mitatu, na Sekela hajui uso wa mtu anayempikia. Anajua kikohozi, anajua fimbo inavyogusa chini, anajua mgongo wa koti jeusi lenye kiraka, anajua sasa anavyotafuna… krach. Mguu wa nne huo, au bado ni wa tatu anaumalizia? Kwenye sinia aliweka minane.

Minane, na hakuna aliyemlazimisha, Asukile alisema kuku, alisema vizuri kabisa alfajiri Jailos alipoliegesha lori na kushusha kapu, kaa sita wa Dar es Salaam wamefungwa kwa kamba za magome ya mkoko, siku tatu njiani ndani ya gunia lililoloweshwa na bado wanatoa mapovu, na nazi nne, Jailos anacheka, anasema, shemeji, nimekuletea ndugu zako, na Asukile akasema, hao tutakula sisi jioni, baba mtengenezee kuku, na yeye Sekela akasema, kuku anamla kila siku huko Rungwe, mwache leo aonje cha pwani, akalisema kwa sauti ya mapenzi, sauti tamu, Asukile akafurahi, akasema, kumbe unamfikiria baba hivyo, na Sekela akainama kuwasha moto ili asionekane uso. Kwa sababu hakumfikiria hivyo. Alimfikiria njiani, siku ile ya mwezi wa kwanza wa ndoa, yeye na debe la maji kichwani anatoka mtoni, shingo imenyooka, ndivyo alivyolelewa kutembea, na pale kwenye kona ya migomba akatokea mtu wa koti jeusi, na miguu yake Sekela ikaganda, alifundishwa wiki nzima, toka njiani, tua mzigo, jifunike, inama, na yote yakamruka, akasimama katikati ya njia kama mlingoti, macho mbele, na mtu yule akageuza uso upande haraka hata Sekela asiuone, akaingia kwenye migomba, kwenye tope la masika, akazunguka huko chini na fimbo yake akitelezateleza, na Sekela akabaki na debe lake na njia yote kavu ni ya kwake, na jioni mawifi wakasema, mzee amesema huyo mtoto wa mkongeni hajui kuogopa, na miezi ilipopita na tumbo lake halikuonyesha kitu wakasema, si mliona ile njia, aliyevunja mwiko hazai, na mwaka ukaisha, na wa pili, na huu wa tatu, kila akienda kusalimia lazima awepo mtu wa kumtazama tumboni kwanza ndipo amtazame usoni, na yote hayo aliyaweka kwenye hesabu ya mzee, mtu mwenyewe hajawahi kumsemesha, akamwekea kinyongo kikamkaa rohoni kikaota mizizi, na leo Mungu akamletea kaa.

Akawachemsha na chumvi na ndimu, akawang'oa magamba ya mgongoni, miili akaiunga kwenye tui, magando na miguu mingine akaviacha sufuriani, na minane iliyo mirefu akaitoa mizima, akaipaka siki na pilipili kidogo, akaipanga kwenye sinia juu ya wali kama jua, nyekundu, ilipendeza, hilo ni kweli, akajisemea anaiacha mizima kwa sababu inapendeza, na mchi mdogo wa kutwangia vitunguu saumu, ambao ndio kwao walikuwa wanavunjia, aliuweka kando ya wali, akautoa, akauweka tena, akautoa. Mara mbili. Mkono wake wenyewe. Hakusahau, angependa sasa aseme alisahau, hata nusu ya kusahau ingemtosha, lakini aliutoa akijua, akamwona mzee kichwani mwake akiligeuzageuza guu la kaa kama mtu aliyepewa ufunguo hajui wa mlango gani, akamwona akilirudisha sinia, akaona Asukile akirudi na kucheka kidogo na kusema, baba, hii hailiwi hivyo, na mzee apunguke kidogo tu, kiasi cha kipande cha njia, basi, ndilo alilolitaka. Hili la ganda hakuliwaza. Hakuliwaza kwa sababu mtu wa pwani haliwazi, lakini mzee huyu amekula nini kinachofanana na kile? Amekula kumbikumbi, amekula usipa wa ziwani, usipa unauweka mdomoni mzima na kichwa na mwiba na macho, hutemi kitu, na kaa wao wa mtoni huko kwao ni mchezo wa watoto wachunga ng'ombe, mtu mzima hamtii kinywani, na bado amekitia, kwa sababu kimetoka mkononi kwa mkwe, na chakula cha mkwe hakirudi, kikirudi kimerudi na mkwe mwenyewe, kesho yake watu wanauliza amemlisha nini mzee… krach.

Mama, mama yake Tanga, mama angeona haya akatafuta pa kuuficha uso, kwenye laini za kambi kule mkongeni jirani yao alikuwa bibi mmoja wa Kizigua, macho hana, meno hana, na kila walipopata kaa mama alikaa mlangoni kwa bibi na mchi na bakuli, anavunja, anatoa nyama kwa ukucha, anapuliza visije vikabaki vijiganda, anajaza bakuli, Sekela njaa inamuuma analia, mama, sisi tutakula lini, na mama anasema, mtu mzima humpi kaa na ganda lake, utamwaibisha, ngoja. Utamwaibisha. Na Sekela alikuwa na miaka sita na aliielewa vizuri tu, na leo ana ishirini na nne amefuta yote kwa sababu ya kipande cha njia… na njia yenyewe, hebu, njia yenyewe, mbona hajawahi kuitazama vizuri, wa kutoka njiani alikuwa yeye, mzee alikuwa na haki ya kukohoa, alikuwa na haki ya kusimama pale pale na kumgeuzia mgongo akangoja yeye aondoke, mvua ilikuwa imenyesha, ana fimbo, ana magoti mabovu, akaingia topeni mwenyewe, na maneno yale ya mtoto wa mkongeni nani aliyasema, mawifi, mawifi walisema kwamba mzee amesema, yeye Sekela na masikio yake hakumsikia mzee akisema kitu, miaka mitatu hakumsikia akisema kitu juu yake, na inawezekana aliyasema, kwa nini asiyaseme, lakini inawezekana pia alipita kwenye tope ili bibi harusi wa mwanawe asishuke na debe la maji kwenye tope, na yeye akamlipa nini.

Mlio ukakoma. Sekela akashika pazia kwa chini, pindo lake, akalibana, kichwani anaomba, ameshiba, mwambie ameshiba, Bwana, na huko sebuleni mzee akakohoa, akanywa maji, glasi ikagusa meza, kisha akasema, si kwa mtu, akauambia ukuta, kama wanavyosema wazee wanapotaka neno limfikie asiyeruhusiwa kuambiwa, akasema, "Chakula ni kizuri. Kwetu hatujakizoea, lakini ni kizuri. Aliyepika amejisumbua sana. Ndaga." Na neno lile la shukrani lilitoka limepindika, herufi zinateleza, kwa sababu ulimi umekatwa, au fizi, kuna damu mle mdomoni, anashukuru na damu mdomoni, na Sekela akaona aibu ambayo hakujua kwamba mtu anaweza kuiona na bado akawa amechuchumaa mahali pale pale, ilimpanda kutoka magotini, masikio yakawaka, akatamani mzee angetukana, angesukuma sinia likaanguka, angesema huyu mwanamke mchawi, yote hayo angeyajibu moyoni, lakini ameshukuriwa, na juu ya hilo bado sinia halijasukumwa, anasikia vidole vikitafuta, vinachagua, ameanza tena.

Amwambie. Atie sauti tu, si lazima amwone, baba, ganda linatupwa, maneno matatu, kizuizi kivunjike, si kimeshavunjwa siku ile njiani, na tumbo lake likifungwa zaidi, lifungwe… lakini akimwambia, mzee atajua nini? Atajua kwamba miguu minne iliyoko tumboni mwake ilikuwa si ya kumezwa, na kwamba kuna mtu amekaa nyuma ya pazia tangu mguu wa kwanza anasikiliza, na akikaa kwenye kiti kile baada ya hapo atakaa vipi, mzee wa kanisa, baba wa karani, hapana, au auchukue mchi avunje lingine huku jikoni, ko ko ko, asikie mwenyewe ajifunze bila kuambiwa, akaushika mchi, akauinua kweli, akaona ni yale yale, mlio wa mchi ungempigia kelele sikioni kwamba wewe umekula ulichokuwa huna haja ya kukila, na mchi ulikuwepo siku zote, ulikuwa jikoni. Akauweka chini polepole. Na hapo ndipo akasikia, si karibu, pale kwenye kona ya njia, kicheko cha Jailos, Jailos hacheki kidogo, kama lori zima linanguruma kifuani mwake, na Sekela akageukia mlango wa uani, kwa sababu Jailos si mtu mbaya ila mdomo wake hauna komeo, ndiye aliyemwona mzee Fanueli akivua kofia na kuisalimia redio ya dukani, akaisimulia Tukuyu, akaisimulia Kyela, kila anaposhusha mzigo anashusha na hadithi, na sasa hata wajukuu wa mzee Fanueli wanaitwa watoto wa Redio, na Jailos huyo ataingia sasa hivi, atakaa mkabala na mzee, ataangalia sinia, ataona miguu imepungua na ganda hata moja halipo, atauliza, baba mkubwa, maganda umeyatupa wapi? Naye mzee si mwongo.

Hatua zinakuja, mbili, viatu vya Asukile na ndala za Jailos, Asukile atapita mbele kwa sababu kuna baba yake, Jailos atapita uani kwa sababu atataka kwanza kuchungulia sufuria, anamjua, na Sekela amebakiwa na nini duniani mbele ya watu hawa isipokuwa kitu kimoja, kwamba ametoka pwani, kwamba mambo ya pwani anayajua, chapati zake, tui lake, samaki wake, wake wa makarani wanakuja kumuuliza, mama mkwe mwenyewe alisema, kuzaa bado lakini mikono anayo, kimoja hicho tu, na mkono wake ulikuwa umeshaingia sufuriani kabla hajamaliza kuhesabu, ukatoka na guu, kubwa, moto, tui linamtiririka mpaka kwenye kiwiko, akaliweka mdomoni kwa upande wa kushoto, upande ule ule, akauma. Krach. Ilikuwa kubwa kuliko alivyotegemea, iliingia kichwani kote, na upande wa pili wa pazia kutafuna kukasimama, palepale, mzee amesikia, kati yao ni hatua tatu na kitambaa, wote wawili vinywa vimejaa, na Sekela akatafuna, ganda likavunjika vipande, vipande vikawa vijiwembe, akavisukuma kwa ulimi vikamkata, hakupunguza sauti, alitafuna kwa sauti kama asiyefundwa, akameza, machozi yakamtoka, akauma tena, halafu upande wa pili nao, taratibu, krach.

"Shemeji," Jailos akasema kutoka mlango wa uani, kivuli chake kimejaa jikoni, "ndugu zako mmewafan… wewe, shemeji, unafanya nini, mbona unakula na ganda lake?"

Asukile alikuwa anamwamkia baba yake huko mbele, na Sekela, khanga bado imemfunika mpaka kwenye nyusi, akajibu kwa sauti ya kufika sebuleni, sauti ambayo mkwe hatakiwi kuitoa baba wa mumewe akiwapo nyumbani, damu kidogo ikimjaa chini ya ulimi.

"Kwetu ndivyo tunavyokula."

"Tanga?"

"Tanga hiyo hiyo."

Jailos akamtazama, akatazama sufuria, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaushika ukuta, akasema, "Asukile, ndugu yangu, wamekudanganya, huyu wa pwani gani, huyu hajawahi kuona kaa tangu azaliwe," akasema hii ya shemeji lazima aifikishe Kyela, na Sekela akamwacha acheke, akachukua guu lingine.